Mwembe wa Uani na Miaka Sita ya Kujifunza Kukata Kidogo

Usiku wa kwanza tuliolala katika nyumba ya marehemu baba, huko Tanga, mwezi Juni 2019, mama aliniamsha mara mbili akiniambia kwamba kuna mtu juu ya paa. Hapakuwa na mtu. Tawi la mwembe wa uani, nene kuliko paja langu, lilikuwa limelala juu ya bati la jikoni, na kila upepo wa kusi ulipovuma lilikwaruza bati hilo kwa sauti kama ya mtu anayeburuta sanduku. Asubuhi tulipozunguka nje ndipo tulipogundua kwamba tawi lile lilikuwa jambo dogo. Nyumba ilikuwa imekaa miaka saba mikononi mwa wapangaji waliokuja na kuondoka, na mpangaji hana sababu ya kuupogoa mti ambao hajui kama atakuwapo msimu wa kuuvuna.

Kiwanja chenyewe kipo nje kidogo ya mji, upande wa barabara iendayo Muheza, na ukubwa wake haufiki nusu eka. Kuna mwembe dodo uliopandwa na babu, minazi mitano, mfenesi mmoja, mchungwa ambao baba aliuleta kutoka Muheza ukiwa mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine, na mwarobaini ulioota wenyewe kando ya karo la maji machafu. Ua wa upande wa barabara ni wa michongoma, na wa upande wa jirani ni wa minyaa. Hayo ndiyo yaliyopandwa au yaliyoachwa kwa ridhaa. Yaliyokuja bila kualikwa yalikuwa mengi zaidi: nyasi zilizofika kiunoni, ndago katika kila futi ya mahali palipokuwa bustani ya mchicha ya mama, miche ya mwarobaini iliyoota kila ndege alipotua, na upupu uliokuwa umeupanda ua wa michongoma mpaka juu ukauficha kabisa.

Nilikuwa na likizo ya wiki tatu kutoka kazini Dar es Salaam, na nilitaka kumaliza kila kitu ndani ya wiki hizo. Nikatafuta vijana wanne wenye mapanga na mafyekeo, na wa tano mwenye msumeno wa mnyororo, tukapatana shilingi 180,000 kwa kazi yote. Mama hakupendezwa. Alikaa barazani akichambua mchele na kuniambia bila kuinua macho, “Mwanangu, mti haunyolewi kama kichwa. Kaa nacho kwanza kiwanja, ukitazame mwaka mzima, ndipo ukate.” Nilimjibu kwamba sina mwaka mzima, nina siku kumi na tisa.

Vijana walifanya kazi kwa siku mbili, na lazima niseme walifanya kile nilichowaambia. Mwembe walikata kichwa, yaani walikata matawi yote makubwa kwa usawa mmoja, kama mita nne kutoka ardhini, ukabaki mfano wa mkono wenye vidole vilivyokatika. Chini ya minazi walisafisha mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Ndago waliilima kwa jembe. Majani, makuti na matawi vililundikwa katikati ya uwanja na kuchomwa moto, na moshi wake ulimfanya jirani aanue nguo zake zote kambani. Nilipiga picha kabla na baada, nikawatumia ndugu zangu, nao wakanisifu. Picha hizo ninazo mpaka leo, na huwa naziangalia kwa aibu kidogo.

Mwembe ndio ulioanza kunifundisha. Mti huu hutoa maua kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa. Katika ukanda wetu wa pwani, vitawi vinavyochipua wakati wa masika hupata miezi michache ya kukomaa, kisha ubaridi na ukavu wa Juni na Julai huviamsha kutoa maua, na embe huanza kuliwa kuanzia Novemba hadi Februari. Mtu anayeukata mwembe mwezi Juni, kama nilivyofanya mimi, anakata maua ya mwaka huo siku chache kabla hayajatoka. Na anayeukata kichwa hufanya kosa la pili lililo kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu mti uliopoteza majani yake yote hauna haja ya kuzaa. Una haja ya kuishi, na nguvu yote iliyohifadhiwa katika mizizi na shina huelekezwa kwenye kutengeneza majani mapya. Machipukizi yalitoka kwenye kila kisiki kama fagio la chelewa, mengine thelathini mahali pamoja, yakapanda juu moja kwa moja. Msimu ule hatukuona embe hata moja. Uliofuata pia hatukuona. Mwishoni mwa mwaka 2021 mama alihesabu maembe kumi na moja, katika mti ambao zamani tulikuwa tukiwapa majirani kwa ndoo.

Gome nalo lilidhurika. Matawi ya ndani yaliyokuwa yameishi miaka yote kivulini yaliachwa wazi kwenye jua la mchana, na upande wa magharibi gome likakauka, likapasuka na kubanduka vipande. Kisha, kusi ya mwaka 2020 ilipovuma, machipukizi yale manene yalianza kuchanika moja baada ya jingine. Tawi la kawaida hukua pamoja na shina tangu likiwa dogo, nyuzi zake zikasukana na za shina mwaka hadi mwaka. Chipukizi linalotoka baada ya mti kukatwa kichwa huanzia karibu tu na gome, na hunenepa haraka kuliko linavyojishikiza. Kwa hiyo niliukata mwembe kwa ajili ya usalama wa paa, nikapata mti wenye hatari zaidi kuliko ule wa mwanzo.

Aliyetusaidia ni bwana shamba mmoja mstaafu anayeishi mtaa wa nyuma, ambaye mama alimwita aje aangalie. Alisimama chini ya mwembe kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole nani alifanya hivi, nami nikasema ni vijana, na mama akasema ni mimi. Alitueleza kwamba mwembe hupogolewa mara tu baada ya mavuno, mwezi Februari au mwanzoni mwa Machi, ili mvua za masika zikija mti uchipue, na vitawi vipya vipate muda wa kukomaa kabla ya miezi ya baridi. Akaeleza pia kwamba ubovu nilioufanya hauwezi kuondolewa kwa siku moja. Kila Februari tungechagua katika kila kisiki machipukizi matatu au manne yaliyokaa vizuri, yanayotazama nje na yaliyoachana, na mengine tuyaondoe. Mwaka unaofuata tungepunguza tena. Na baada ya miaka mitano au sita mti ungekuwa na umbo. Nilidhani anatania.

Yeye pia ndiye aliyenionyesha namna ya kukata tawi zito, na hili nitalieleza polepole kwa sababu nimeona miti mingi mjini ikiharibiwa kwa kutolijua. Tulikuwa na tawi moja lililopasuka, unene wake kama kopo la rangi la lita nne. Kwanza alikata kutoka chini kwenda juu, umbali wa kama sentimita thelathini kutoka kwenye shina, akaishia theluthi moja ya unene. Kisha akasogea nje kidogo na kukata kutoka juu. Tawi likaanguka lenyewe kwa uzito wake, na lilipochanika, mchaniko uliishia pale alipokata mwanzo, haukuteremka na gome mpaka shinani. Kikabaki kigutu. Hapo aliniita nisogee, akaweka kidole kwenye mkunjo uliovimba kidogo pale tawi linapotokea katika shina, mfano wa kola ya shati shingoni. “Hapa hapaguswi,” alisema. Akakata kigutu nje kidogo ya uvimbe huo, akauacha mzima.

Baadaye nilisoma sababu yake. Mwanasayansi wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyeitumikia Idara ya Misitu ya nchi hiyo, alipasua miti mingi kwa msumeno wa mnyororo kwa urefu wake ili aone kinachotokea ndani baada ya jeraha, na mwaka 1977 akachapisha maelezo yaliyobadilisha kazi ya upogoaji. Alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu inavyopona. Kilichooza hubaki kimeoza. Mti hujenga kuta za kukizingira, kisha hukua juu yake. Ule uvimbe penye shingo ya tawi una tishu za shina zinazofunika jeraha, na mtu akikata mpaka usawa wa shina ili paonekane laini, huondoa kinga yenyewe. Akiacha kigutu kirefu, kigutu kitakufa na kuoza kuelekea ndani. Na kupaka rangi au oili chafu kwenye jeraha, jambo ambalo vijana wangu walilifanya kwa bidii na kunitoza nalo, hakuzuii uozo.

Neno moja kuhusu utomvu. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na anayelijua ganda la korosho mbichi anaweza kukisia yaliyobaki. Mwaka wa kwanza nilipogoa nikiwa nimevaa fulana, na jioni mikono ilianza kuwasha, ikatoka malengelenge kwa wiki nzima. Siku hizi navaa shati la mikono mirefu lililochakaa na glavu, na sikai chini ya tawi linalovuja. Mfenesi nao una ulimbo, lakini huo hunata tu na hutoka kwa mafuta ya kupikia. Mfenesi, kwa njia, hauna masharti ya mwembe, kwa sababu huzaa kwenye shina na matawi makubwa. Vitawi vya ndani vinavyoziba njia unaweza kuvitoa bila kugusa mafenesi yako ya mwaka ujao.

Minazi ilinisumbua kwa namna ambayo sikuitegemea kabisa. Kabla ya usafi wangu mkuu, minazi ile, pamoja na kuachwa, ilikuwa ikizaa. Mwaka mmoja baadaye vidaka, yaani nazi changa kabisa, vilianza kudondoka vikiwa bado vidogo kama ngumi ya mtoto, na vichache vilivyofika kuwa vitale vilikuwa na makovu yanayotoka gundi. Nikalaumu mbolea, nikalaumu mvua. Bwana shamba aliuliza swali moja tu: maji moto wako wapi?

Msomaji wa pwani anawajua sisimizi hawa wekundu wanaoshona majani ya mti kuwa viota na ambao kuuma kwao kumewapa jina lao. Vijana walipoukata mwembe walikuta viota vyao, wakavichoma kwa mwenge wa makuti, nami niliona ni sawa, kwa kuwa hata wakwezi huomba nyongeza ya malipo wanapouona mnazi wenye maji moto. Kumbe hao ndio askari wa mnazi. Kuna mdudu anayefyonza vidaka na kuvifanya vidondoke, na jina lake la kisayansi ni Pseudotheraptus wayi, la pili likitokana na Michael Way, Mwingereza aliyewachunguza sisimizi hawa Zanzibar katikati ya karne iliyopita. Palipo na maji moto wengi, mdudu huyu hapati nafasi. Adui wa maji moto ni sisimizi wengine wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wanaojenga ardhini, na hao hustawi zaidi pale ardhi chini ya minazi inapopaliliwa ikawa kipara. Kwa maneno mengine, ule udongo mwekundu safi niliojivunia kwenye picha ulikuwa uwanja niliowatengenezea maadui wa minazi yangu.

Tuliwarudisha maji moto mwaka 2022. Jirani ana mlimao uliojaa viota, akafurahi kutupunguzia. Tulikata vitawi vyenye viota wakati wa jioni, sisimizi wengi wakiwa ndani, tukavitia katika mfuko wa salfeti na kuufunga upesi, ingawa haikuwa upesi ya kutosha kwa upande wangu. Vyote vilitoka katika mti mmoja, kwa sababu makundi tofauti ukiyachanganya huuana. Mfuko tuliufungua chini ya mwembe, kisha tukafunga kamba kutoka mwembe hadi mnazi wa karibu, na kutoka mnazi hadi mnazi, iwe njia yao. Kwa siku tatu walienda na kurudi kwenye kamba kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Siku ya nne mama aliona majani mawili ya mwembe yameshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe. Tangu hapo ninapopogoa huacha makusudi tawi au makuti mawili yaliyogusana kati ya mti na mti, na chini ya minazi naacha nyasi fupi, nikifyeka bila kulima. Mkwezi ananidai nyongeza, nami nalipa.

Mchungwa ulikuwa na hadithi ya kujificha. Mwaka tuliorudi ulikuwa umejaa matunda, makubwa, yenye ganda la vinundu, na machachu kiasi cha kufunga taya. Mama alisema labda mti umezeeka. Nilipofyeka mpaka shinani nikaona kwamba mti ulikuwa miti miwili: karibu na ardhi, chini ya kovu la kubebesha, yalikuwa yametoka maotea marefu yenye miiba, yakapanda kupita katikati ya mchungwa na kuufunika. Michungwa ya Muheza kwa kawaida hubebeshwa juu ya shina la mlimao mkali wenye ganda la vinundu, kwa kuwa mizizi yake huvumilia, na shina hilo likipewa nafasi hukumbuka kwamba nalo ni mti. Hapa kukata sana ndiko kulikotakiwa. Maotea yote ya chini ya kovu yaliondolewa, madogo kwa kuyang'oa kwa mkono yakiwa bado laini, kwa sababu likikatwa kwa kisu chipukizi hurudi. Mchungwa wenyewe ulibaki na tawi moja hai. Ulichukua miaka mitatu kujaza upande wa pili, na machungwa yake sasa ni yale ninayoyakumbuka.

Kuhusu magugu sitasema mengi, ila mawili yanastahili kutajwa. Ndago haiuawi kwa jembe. Chini ya ardhi ina viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa mnyororo, na kila pigo la jembe hukata mnyororo na kuviamsha vilivyokuwa vimelala. Nilipolima bustani ya mama mara tatu katika msimu mmoja nilipata zulia zito kuliko la mwanzo. Plastiki nyeusi ilitobolewa na ncha zake. Kilichofaa ni kivuli. Tulipanda matembele sehemu yote, tukang'oa ndago kwa mkono kila ilipochungulia juu ya majani, na baada ya misimu miwili imebaki pembezoni tu, na sisi tumekula mboga hata tumechoka nayo.

Upupu ni suala la wakati. Ukiwa mbichi, kabla maganda hayajakauka, unang'oka kwa mkono kama mharage, kwani ndugu zake ni hao. Ukisubiri mpaka maganda yawe ya kahawia, vinyweleo vyake hupeperuka kwa kuguswa kidogo, na mtu aliye upande wa chini wa upepo atajuta. Vijana wangu wa mwaka 2019 waliukuta umekauka. Mmoja wao alivua shati akalitupa, akakimbilia jikoni, na mama akampaka majivu makavu mwili mzima akimkataza kujikuna, mpaka akawa kama mzimu aliyetoka makaburini. Tangu hapo mimi hupita kwenye ua ule kila masika inapoelekea ukingoni, na kazi iliyomaliza siku nzima ya watu wawili sasa inachukua nusu saa.

Ua wa minyaa sijawahi kuukata tena bila miwani. Maziwa yake yanapoingia jichoni si jambo la kusubiri asubuhi. Kijana aliyekuwa akinisaidia mwaka 2021 aliinua panga, tone likamrukia, na tulimsafisha kwa maji mengi kwa muda mrefu kabla ya kumpeleka zahanati. Alikaa siku mbili na jicho moja limefungwa kabla halijatulia. Nimekubaliana na jirani kwamba ua huo tunaupunguza pamoja mara mbili kwa mwaka, kila mtu upande wake, siku moja, ili matawi ya mmoja yasiangukie watoto wa mwenzake. Tumekubaliana pia kuhusu tawi la mfenesi linalovuka kwake: mafenesi yaliyo upande wake ni yake. Hili lilipatikana kwa chai na mihogo, na nadhani lingekuwa gumu kama ningeanza na msumeno.

Swali la taka za bustani ndilo nililochelewa kulielewa. Tuliacha kuchoma mwaka 2020, mwanzoni kwa sababu ya lawama za jirani tu, na baadaye kwa sababu niliona tofauti katika udongo. Majani ya mwembe na nyasi huenda kwenye shimo la mboji, tabaka la makavu na tabaka la mabichi, na samadi ya mbuzi tunayoletewa. Ninachomeka fimbo katikati ya lundo. Nikiitoa ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikitoka baridi na kavu, nageuza na kumwagia maji. Matawi membamba hukatwakatwa na kuwa matandazo chini ya mchungwa, mbali kidogo na shina ili mchwa wasipate daraja. Mashina ya minazi iliyokufa hayakai kiwanjani, kwa sababu mdudu chonga hutaga ndani ya magogo yanayooza, na vizazi vyake hurudi kutoboa kilele cha minazi mizima. Mnazi mmoja uliokufa tuliupasua mbao za banda la kuku mwezi uleule. Samadi nayo kwa sababu hiyohiyo hugeuzwa mara kwa mara, na mabuu meupe yanayotokea huwa sikukuu ya kuku.

Vifuu vilikuwa vimetapakaa kila mahali, vingine vimejaa maji na viluwiluwi vya mbu. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, ambako mwaka ule wa 2019 homa ya dengue ilikuwa imewalaza watu wengi niliofanya nao kazi, kama ilivyokuwa imefanya mwaka 2014, na sikuhitaji kuhubiriwa kuhusu mbu wanaouma mchana. Vifuu sasa hukusanywa na kuwa kuni za mama. Nimeanza pia kutazama mashimo katika miti yenyewe: kile kigutu kilichoachwa vibaya mwaka 2019 kilioza ndani kikawa bakuli la maji ya mvua, na tunalijaza mchanga kila masika.

Maembe yanayodondoka huokotwa kila asubuhi wakati wa msimu na kutiwa katika mfuko mweusi uliofungwa, ukaachwa juani. Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na ambaye hapa kwetu hakuchelewa, hutaga ndani ya embe linaloiva, na funza wake huteremka udongoni kutoka katika embe lililoanguka. Watoto wa jirani wameifanya kazi hii kuwa mchezo wa kuhesabu, na malipo yao ni maembe mazima.

Sasa ni mwezi wa Agosti 2025. Mwembe una maua karibu pande zote, na ule upande wa magharibi uliochomwa na jua umefunika jeraha lake kiasi cha nusu. Msimu uliopita tulijaza ndoo nne na sehemu, si nyingi, lakini jirani alipata yake. Tatizo nililonalo wiki hii ni chipukizi moja kati ya yale matatu niliyoyachagua mwenyewe upande wa jikoni. Limekuwa tawi nene kama kifundo cha mkono wangu, limeelekea kusini, na tangu Julai limeanza tena kugusa bati. Nilichukua msumeno Jumamosi, nikapanda ngazi, nikakuta ncha zake zote zimejaa maua na maji moto wameshona viota viwili. Mama alikuwa chini ameshika ngazi. Hakusema kitu. Aliingia ndani, akatoka na kamba ya katani, akanirushia. Tumelivuta tawi pembeni na kulifunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo, likae hapo mpaka Februari.